Sikuitwa, Nilichagua

Nilichagua historia. Niseme mapema kabla ujasiri haujaniishia: sikulazimishwa, sikukosa nafasi ya kozi nyingine, wala hakuna ofisi iliyonitupa huko. Niliiandika mwenyewe kwenye nafasi ya kwanza, kwa kalamu ya wino, na herufi nikazikoleza.

Kwa miaka yote ya kazi yangu nimelikana jambo hilo. Hapa Nairobi mtu hasemi amechagua kozi ya chuo kikuu, husema ameitwa. "Umeitwa nini?" "Nimeitwa uhandisi." Ni neno zuri kwa sisi waoga, maana anayeitwa hana lawama. Akiitwa udaktari, ni kwa sababu ana akili. Akiitwa historia, ni bahati mbaya, na watu humpa pole kama mtu aliyeibiwa simu. Mimi nilizipokea pole hizo kwa unyenyekevu mkubwa. Nilisema, "Nilitaka sheria, lakini niliitwa historia," nikainamisha kichwa, na mazungumzo yakahamia mambo ya mvua.

Wa kwanza kuambiwa maneno hayo alikuwa mama yangu, ambaye sisi Wakamba humwita mwaitu. Mwaitu alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa wakili mmoja Lavington, akienda na kurudi kwa miguu kutoka Kawangware. Kila alipoyapiga pasi mashati meupe ya wakili huyo, aliniona mimi ndani yake. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba sheria sikuiandika hata kwenye nafasi ya mwisho.

Ningekufa na siri hiyo bila usumbufu kama binti yangu, Mwende, asingeitwa chuo kikuu mwaka huu. Ameitwa historia. Bibi yake, yaani Mwaitu, ambaye Mwende humwita Susu, alipomuuliza imekuwaje, msichana aliinamisha kichwa akasema, "Nilitaka sheria, Susu, lakini niliitwa tu hii." Karibu neno kwa neno. Nilikuwa nimeketi kando yake mbele ya kompyuta siku alipojaza kozi zake, nikamwona akibonyeza historia kwanza bila kupepesa macho. Sikusema kitu siku ile, na siku ya uwongo pia sikusema kitu. Mwaitu akaamini. Na kwa kuwa yeye si mtu wa kukubali kuonewa mara mbili, akaanza mipango ya kumhamisha mjukuu wake kabla mlango wa kubadilisha kozi haujafungwa.

Kwa hiyo naandika haya kueleza kazi yangu ilikuwaje, ili msomaji kijana aamue mwenyewe kama yule mtoto alihitaji kuokolewa.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Laini Saba, Kibera, katika shule ya sekondari ya mabati iliyojengwa karibu sana na reli. Treni ikipita, chaki zilianguka zenyewe. Mkuu wa Shule alikuwa mtu mfupi mwenye koti la kaki, na ofisi yake ilikuwa pia stoo ya mipira.

"Umesomea nini, Madam?"

"Historia."

"Sawa. Utafundisha historia, dini na netiboli."

"Netiboli siijui, Mwalimu."

"Netiboli pia iko na historia yake. Anzia hapo."

Kisha akavua miwani na kunitazama kwa upole. "Uliitwa ama ulichagua?"

"Niliitwa."

"Pole. Mimi niliitwa kilimo." Akanionyesha dirishani. Nje kulikuwa na reli, na ng'ambo yake mafundi wa jua kali waliokuwa wakigonga masanduku ya bati. Hapakuwa na hata jani moja la sukuma wiki. "Na unaona vile tumelima."

Siku hizo mwalimu alianza muhula kwa kuandika azimio la kazi, yaani mpango wa mada zote wiki kwa wiki, kisha andalio la somo kwa kila kipindi. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri na mafundi wa masanduku wakayavuruga, maana hakuna azimio linaloweza kushindana na nyundo. Mkuu wa Shule alinipa mashauri mawili ambayo chuo hakikunipa. La kwanza: treni ikipita, usipige kelele, nyamaza uwaangalie watoto usoni, utajua nani hakuelewa. La pili: kila somo lianze na kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukigusa. Wanahistoria hukiita chanzo cha msingi, kile kilichokuwepo wakati jambo lenyewe likitokea, tofauti na maneno yaliyoandikwa baadaye na watu waliokuwa mbali. Vitabu vyetu vilikuwa vichache na vyote ni vya baadaye. Basi nikawatoa wanafunzi nje, tukasimama kando ya reli.

"Hii ndiyo kitabu yetu ya leo," nikasema, nikijisikia mjanja sana.

Msichana mmoja aliyependa kubishana akainua mkono. "Madam, kama reli ilikuja kwanza, si ni sisi tumejenga kwa njia yake?"

"Na kabla ya reli kulikuwa na nani?" mwenzake akamrukia. "Kwani reli ilibisha hodi?"

"Ilibisha. Si unaisikia mpaka leo?"

Walibishana hadi kengele ikalia na baada ya kengele, na mimi nilikuwa na kazi moja tu ya kuuliza, "Umejuaje?" Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mtungi. Kisha nikakumbuka kwamba mtu aliyeitwa kwa bahati mbaya harudi kazini akichekacheka. Nilipofika mlangoni kwetu Kawangware nikapunguza tabasamu kama mtu anayepunguza sauti ya redio, nikaingia nikipiga kite, nikiguna kama mgonjwa.

"Kazi ilikuwaje?" Mwaitu akauliza.

"Tunavumilia."

Akanitazama kwa huruma. Jumapili hiyo tulipochinja kuku, alinipa firigisi, ambayo kwa watu wetu huwekewa mwanamume wa nyumba. Nikaila. Tangu siku hiyo kila kuku aliyechinjwa nyumbani kwetu alinipa firigisi yake, na mimi nikaendelea kupiga kite.

Kituo changu cha pili hakikuwa shule. Kikundi cha watafiti kilitaka watu wa kukusanya masimulizi, yaani historia inayokaa vinywani mwa watu na haijaandikwa, nikaajiriwa kwenda kuuliza maswali Kawangware nilikozaliwa. Mkubwa wetu, Mtafiti Mkuu, tuliyemwita Daktari kwa shahada yake, alikuwa mama wa Mombasa mwenye Kiswahili kilichonyooka kama pindo la leso. Alituagiza tuwaamkie wazee wote shikamoo. Nilimwamkia hivyo mzee wa kwanza, naye akanijibu "Poa," akaniuliza kama ninauza sabuni.

Tatizo kubwa la kazi hiyo lilikuwa tarehe. Ukimuuliza mzee wa Kawangware alihamia lini, atakujibu neno moja: kitambo. Kitambo inaweza kuwa mwezi uliopita au kabla ya lami. Mtafiti Mkuu alitufundisha njia ya kulizunguka neno hilo, nami nimeitumia maisha yangu yote.

"Usimuulize mwaka," alisema. "Mwaka hana. Muulize maji. Mwambie, bibi, ulipofika hapa ulikuwa ukiteka maji wapi? Maji hayasahauliki, mwanangu, kwani aliyabeba."

Na kweli. Mtu asiyejua mwaka alikumbuka kama aliteka mtoni, kwenye bomba la jirani mwenye kiburi, au kwenye tangi la kanisa. Tukio la namna hiyo, ambalo mtaa mzima unalikumbuka, tuliliita kigingi. Unakichomeka, kisha unavifungia hapo vitu vingine vyote: ndoa, watoto, nyumba ya kwanza ya mabati. Jioni tuliandika mahojiano neno kwa neno, kazi inayoitwa unukuzi, tukampelekea Mtafiti Mkuu ayapitie.

Hapo ndipo neno kitambo lilipotulipiza kisasi. Mama mmoja alikuwa ameniambia, "Tulihamia hapa kitambo kanisa ijengwe." Kila mtu wa Kawangware anajua maana yake: walihamia kabla kanisa halijajengwa. Kwetu kitambo ni zamani, na pia ni kabla. Lakini kwa Mtafiti Mkuu hiyo haikuwa sentensi hata kidogo. Akaitia nukta na kuipiga pasi: "Tulihamia hapa kitambo. Kanisa lijengwe." Na pembeni akaandika kwamba wakazi wanaomba kanisa. Ripoti ikasema hivyo, kuhusu mtaa ambao Jumapili vipaza sauti vya makanisa humzuia mtu kusikia mahubiri ya kanisa lake mwenyewe.

Nilipomweleza alikasirika. "Kitambo ni kitambo!"

"Daktari, kitambo nizaliwe, watu hapa walikuwa wanasema hivyo."

Alirudia sentensi yangu polepole, midomo ikimchezacheza, kisha akacheka mpaka akashika meza. Ripoti ikasahihishwa. Tangu hapo aliniita Fundi Kitambo.

Katika kazi hiyo nilitumwa pia kwa Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu, mwenye ploti tuliyokuwa tukipanga nilipokuwa mtoto. Niseme ukweli, Cucu ndiye aliyenifanya nichague historia. Familia yake ilikuwa pale kabla ya mtu yeyote, na nikiwa mdogo nilimsikia akisimulia mahali ua wa shamba lao ulipopita. Alipowasimulia wapangaji, ua ulipita mbali, ng'ambo ya barabara. Alipokuja mtu wa ofisi, ua ulirudi karibu na choo. Watoto wengine walikwenda kucheza. Mimi nilibaki pale kwenye ngazi nikitaka kujua ua ulipita wapi hasa, na kwa nini ulitembea. Hamu hiyo haijawahi kunitoka.

Sasa nilikuwa mtu mzima nimerudi na kinasa sauti. "Cucu," nikamwuliza, "ua wenu ulipita wapi?"

Akanipima kwa macho. "Unaniuliza kama nani? Kama mpangaji ama kama serikali?"

"Kama mwanahistoria."

"Huyo sijawahi kumjibu," akasema. Akanisogezea kigoda. "Keti." Na akanipa simulizi ya tatu.

Nilitembea kurudi nyumbani siku hiyo na sikupunguza tabasamu hadi nilipoona mlango. Kisha nikapunguza.

Kituo cha tatu ndicho kilichokuwa kirefu: shule ya kutwa ya sekondari hapo hapo Kawangware, ambako nilipanda polepole hadi Mkuu wa Idara ya Historia. Idara ilikuwa mimi na kabati. Mwalimu Mkuu wetu, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, aliipenda idara yangu kwa sababu zake. "Historia haijawahi kunivunjia kioo cha maabara," aliwaambia wazazi, na hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi niliyowahi kupewa hadharani.

Wanafunzi walikuwa wagumu kidogo. "Madam, hii kitu itatusaidia na nini?" waliuliza kila mwaka, na kila mwaka niliwapa kazi ileile: waende nyumbani waulize kwa nini sehemu yetu ya Kawangware inaitwa 46. Walirudi wakigombana. Wengi waliambiwa ni namba ya basi. Mmoja aliambiwa ni namba ya shamba. Mwingine aliapa kwamba babu yake alisema ni wanaume arobaini na sita waliokunywa pombe ya harusi ikaisha kabla bwana harusi hajafika.

"Huyo babu yako alikuwepo?" wenzake wakamzomea.

"Alikuwa wa arobaini na saba. Ndiyo maana ana uchungu."

Nikawaambia hilo ndilo somo: nani alisema, alijuaje, na alikuwa na uchungu gani. Ukimfundisha kijana maswali hayo matatu, umempa kitu cha kubeba hata akienda kuuza viatu. Baadhi yao wanauza viatu, na nawahakikishia ni vigumu sana kuwadanganya.

Nilistaafu mapema, kwa hiari, koo langu likiwa limetangulia. Waliniaga kwa soda, keki na saa ya ukutani iliyosimama wiki hiyohiyo, jambo ambalo wanafunzi walisema linamfaa mtu wa historia. Nimekaa nyumbani nikifikiria, kama wastaafu wanavyofanya, na nimegundua kwamba sikuwahi kuuchukia mshahara wangu kama nilivyotarajia, wala mabati, wala nyundo. Kilichonichosha ni kile kite cha mlangoni. Kujifanya mwenye huzuni kila jioni ni kazi ya ziada, tena haina likizo.

Basi twende Jumapili ile. Tulikuwa chumbani kwa Mwaitu, 46, baada ya kanisa, na kuku alikuwa mezani. Mwaitu alitangaza kwamba mambo yameiva. Mzee Nzioka, mzee wa kanisa, alikuwa na mpwa aliyefanya kazi katika ofisi moja ya chuo. Mpwa huyo alikuwa tayari kumsukumia Mwende ombi la kuhamia kozi ya ununuzi na ugavi, kwa kuwa sheria imejaa. Ilibaki Mwaitu ampigie mzee simu aseme ndiyo.

"Walikufanyia wewe," aliniambia, "nikanyamaza kwa sababu sikujua mtu. Sasa wanataka kufanyia mtoto. Saa hii najua mtu."

Mwende alitazama sahani yake. Niliona shingo yake ikiinama vilevile kama yangu ilivyoinama miaka yote, na nikajua kwamba kama sitasema, huyu mtoto atasomea ununuzi na ugavi kwa adabu, maisha yake yote, kwa sababu ya sentensi niliyoitunga mimi.

"Mwaitu," nikasema, "hakuna mtu alinifanyia kitu. Sikuitwa historia. Nilichagua."

Mkono wake ulikuwa njiani kuelekea kwenye sahani yangu, na firigisi juu ya kijiko. Ukasimama.

"Ulichagua?"

"Ndiyo."

"Ukaacha sheria?"

"Sheria sikuiandika hata."

Akarudisha kijiko polepole kwenye sufuria. "Mutheu. Hao watu wa kuita watu, mimi nimewasamehe kila Jumapili. Kwa magoti. Kumbe hawakuwa na makosa?"

"Hawakuwa na makosa."

"Msamaha yote hiyo!" Akapiga paja. "Sasa nitaipeleka wapi?"

Sikuthubutu kusema aniletee mimi. Akatazama mlango, ule mlango ambao nilikuwa nikiuingia nikipiga kite. Aliponigeukia, hasira niliyoingoja haikuwepo.

"Mimi nilidhani ulikuwa unaenda kazi na uchungu," akasema. "Nikikuona asubuhi na hiyo mkoba, roho inaniuma. Kwa hivyo ulikuwa unafurahi?"

"Nilikuwa nafurahi, Mwaitu."

"Kila siku?"

"Isipokuwa siku za kusahihisha mitihani."

Akavuta pumzi ndefu, akaitoa, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyefunguliwa mzigo na jirani. "Basi ungesema. Hata mimi ningefurahi." Kisha macho yakamhamia Mwende. "Na wewe?"

Mwende aliinua shingo. "Mimi pia, Susu. Nilichagua. Ilikuwa ya kwanza."

"Waongo wawili kwa meza yangu," Mwaitu alisema. Akachukua firigisi kutoka kwenye sufuria, akaila mwenyewe, taratibu, yote. Halafu akafuta vidole na kuishika simu mbele ya uso wake kama kioo, sauti ikiwa juu kabisa, maana hajawahi kuamini kuiweka sikioni.

"Mzee Nzioka? Wacha hiyo maneno ya kijana wako."

"Kwani wamekataa?" simu ikanguruma.

"Hakuna mtu amekataa. Hakuna mtu ameonewa. Mtoto alichagua."

"Alichagua nini, Mama Mutheu?"

"Historia."

"Kwa kupenda?"

"Kwa kupenda. Hata mama yake alichagua. Ni kitu ya familia."

Mwende alinishika mkono chini ya meza.

"Sawa," mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. "Lakini niulize tu. Hiyo historia, hapa Nairobi, kuna kazi?"

Mwaitu akafikiri. "Mzee, wewe ulikuja Kawangware mwaka gani?"

Simu ikakwaruza. Tukamsikia akikohoa, akihesabu kitu kwa Kikamba, akikiacha.

"Aah, mimi? Mimi nilikuja kitambo."

Mwaitu akaigeuza simu kuelekea kwa Mwende ili asikie vizuri, ingawa ploti nzima ilikuwa imekwisha kusikia.

"Umesikia?" akamwambia mjukuu wake. "Kazi iko."